Filimbi ya Besi na Vidole vya Somoe

Wiki chache baada ya kustaafu, kijana mmoja wa ofisini alinipigia simu kuniuliza filimbi ya besi inauzwa duka gani. Nikamuuliza itapigwa na nani. Akasema hilo bado halijaamuliwa, kwanza wanunue. Nikakata simu, nikaenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa visafi tayari, maana hasira ikinishika lazima mikono ifanye kitu. Kisha nikakaa kuandika haya, kwa ajili yake na kwa ajili yenu wote mliorithi meza yangu. Habari za vyeo vyangu hamtazikuta humu. Nilivipata kama wengine wengi walivyovipata, kwa kuzeeka.

Nilihamishiwa Mtwara nikitokea Tukuyu, miaka ile watu wanahamia vijiji vya ujamaa na kila ofisi ina kamati. Nilikuwa mwalimu wa muziki. Kinanda cha kanisani nilikijua, kwaya niliijua, na besi kwangu ilikuwa sauti ya wanaume wanaokaa benchi la nyuma. Joto la Mtwara lilinipokea vibaya. Siku ya kwanza nilifunguliwa stoo ya vyombo. Nilikuta ngoma zilizoliwa ngozi na panya, na kwenye boksi filimbi mpya kabisa, zinang'aa, zote sawasawa. Nilipuliza ya kwanza ikapiga kelele kama birika. Ya pili vilevile. Nikauliza nani alizichagua. Nikaambiwa kamati. Nikauliza kwenye kamati nani anapiga filimbi. Mwenzangu aliyenifungulia akanitazama kwa huruma.

"Mwalimu, wewe ni mgeni," akasema, akafunga mlango.

Hasira yangu ya Mtwara ilianzia pale stoo, na sijawahi kuihamisha.

Niwaeleze kwanza chombo chenyewe, maana naona hata mtandaoni mnanunua kwa picha. Filimbi ya besi haishikwi ubavuni, inashikwa mbele kama zumari. Ni ndefu kupita dhiraa, ina mdomo juu na matundu sita. Haipigi mbwembwe. Inakaa chini ya ngoma na waimbaji na kuwabeba, na ikinyamaza ghafla ndipo watu wanageuka kuuliza kimepungua nini. Mbaya yake inakula pumzi ya mpigaji na hairudishi kitu. Nzuri yake ukiipuliza taratibu, kama unavyopoza uji wa mgonjwa, sauti ya chini kabisa inatoka nene na kutulia. Ukiongeza pumzi kidogo, sauti ileile inapanda juu bila kupiga yowe. Ikikataa moja ya hayo mawili, iache palepale dukani, hata wakikupa bure.

Hayo sikuyajua siku ya kwanza. Nilifundishwa na Paulino, mkulima wa mpunga na mihogo kule Mahurunga. Alivuka Ruvuma na familia yake wakati wa vita vya upande wa pili, akabaki. Kwao walikuwa watengenezaji wa filimbi kabla hawajawa wakimbizi. Nilipelekwa kwake na mtu aliyenipa sababu ya kuandika haya yote, mwanamke anaitwa Somoe.

Somoe alikuwa wa Mikindani, umri wake kama wangu, na kazi yake kubangua korosho. Ninyi mnazijua korosho za kwenye pakiti. Ganda la korosho lina mafuta yanayobabua. Wanawake wanapaka majivu mikononi kabla ya kuanza, na bado mafuta yanapenya. Ngozi ya ncha za vidole inakuwa nyeusi, inakakamaa, inapasuka, inabanduka, inaota nyingine ngumu zaidi. Filimbi alifundishwa na marehemu baba yake, ambaye hakuzaa mtoto wa kiume wa kumfundisha, kwa hiyo akamfundisha aliyekuwepo. Alipokuja kwenye mazoezi ya kikundi cha ngoma cha mkoa mara ya kwanza, wapiga ngoma walicheka. Alipoanza kupuliza, mmoja wao alisahau kupiga.

Ila filimbi ya baba yake ilikuwa ya mwanzi, na ilikuwa imepasuka. Alikuwa ameifunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli.

Wakati huo tulikuwa tunamtarajia mgeni mkubwa kutoka nje ya nchi. Kamati ya mapokezi ilitangaza kwamba baada ya mapokezi itateua wasanii wa kikundi cha kudumu, watu wa kuajiriwa kabisa, kazi yao ngoma na nyimbo tu. Somoe alinishika mkono siku ile, na nikausikia mkono wenyewe, mkavu kama ganda la muhogo.

"Mwalimu, mimi nataka kutoka kwenye korosho," akaniambia. "Bado vidole vinasikia. Mama yangu vyake havisikii, anashika sufuria jikoni bila kitambaa. Mimi nikichelewa, filimbi nayo imekwisha."

Basi mnaelewa ilikuwa habari ya nini. Tulikuwa tunatafuta filimbi ya kumtoa mtu mahali kabla vidole vyake havijafa.

Nikamwendea Ndugu Mwenyekiti wa kamati. Jina lake silitaji, na halina faida kwenu. Alikuwa mtu wa adabu sana, anayekuvutia kiti mwenyewe kabla hajakukatalia. Nilimwomba ruhusa ya kutafuta filimbi ya besi nzuri. Akasema vizuri, mwalimu, tafuta, wewe ndiye mtaalamu. Nikatoka pale nimefurahi kama mjinga.

Tukaenda Mahurunga, mimi na Somoe. Paulino hakutuonyesha filimbi hata moja. Alimwambia Somoe achovye vidole kwenye majivu ya jikoni, kisha ashike kipande cha bomba kama anavyoshika filimbi, afumbe macho, aimbe kimoyomoyo wimbo mzima. Alipokiachia, madoa sita ya majivu yalibaki kwenye bomba. Paulino akayakagua kwa muda mrefu.

"Hapa ndipo mkono wako unapotaka," akasema. "Sauti nayo ina pake inapotaka. Kazi yangu kuwapatanisha. Tundu likisogea, nalipanua au nalibana, mpaka wote wawili mridhike."

Kisha akavishika vidole vya Somoe, akaviminya ncha kimoja kimoja, akamuuliza hapa unasikia, hapa je. Akasema matundu atayalaza kingo, yawe na kama bonde dogo, ili nyama ya katikati ya kidole iingie na kuziba pale ncha isipoweza. Filimbi ndefu haizibwi kwa ncha hata kwa mtu mwenye vidole vya mtoto mchanga. Inazibwa kwa nyama. Nimewafundisha hivyo wanafunzi maisha yangu yote, na bado kila mwaka alikuwepo mmoja anayeikunja mikono kama kuku anayekwaruza.

Bomba lenyewe lilikuwa la plastiki, gumu, la mradi wa maji wa kijiji kimoja jirani. Maji hayakufika. Paulino aliokota mabaki. Mwanzi aliuheshimu, lakini kwa ukavu wa miezi ya kusi na unyevu wa masika alisema kwa filimbi ndefu hivi hauaminiki, utapasuka tu kama ule wa baba yake Somoe. Mdomo aliuchonga kwa mti laini, makali yanayokata pumzi akayanoa kwa kipande cha chupa. Tuliporudi kuichukua alituzuia kuishangilia. Alimpeleka Somoe mwisho wa shamba, mimi akaniweka mlangoni, maana filimbi ya besi humdanganya anayeipiga, masikioni mwake inavuma na hatua chache mbele imekufa. Akampigisha juani, akampigisha kivulini, akampigisha nyimbo ndefu mpaka mate yakaingia kwenye mdomo wa filimbi na sauti ikaanza kukwama. Hapo akamfundisha kuyafyonza mate haraka bila kukatisha wimbo. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwa Paulino na ile sauti inakuja chini chini juu ya mpunga, na nikajua kazi niliyopewa nimeimaliza.

Kazi niliyopewa! Nilipoingia nayo ofisini, Ndugu Mwenyekiti alinivutia kiti.

"Mwalimu, hili ni bomba," akasema.

"Ni filimbi, ndugu."

"Naona bomba la maji. Mgeni anatoka mbali kuja kuona utamaduni wetu, tumwonyeshe bomba? Atasema tumeishiwa miti."

Nikamwomba aisikilize. Akasema hana shaka inalia vizuri, mimi ni mtaalamu. Kisha akafungua kabati, akatoa kitu kilichofunikwa kwa kitambaa cheupe. Ilikuwa filimbi ya mpingo, kubwa, nzito kama mchi, na imechongwa kuanzia juu hadi chini watu waliopandana, huyu amembeba yule, yule amemshika mwingine mguu, ule mtindo wa mti wa ujamaa ambao wachongaji wa Kimakonde walikuwa wanaufanya kwenye vinyago. Kama kinyago ilikuwa nzuri, na mchongaji simlaumu, alifanya alichoagizwa. Kama filimbi ilikuwa uzushi mtupu. Matundu yalikuwa yamepitishwa palipobaki nafasi, moja kwenye utosi wa mzee, jingine kwapani kwa mama.

"Hii ndiyo filimbi inayosema kitu," akasema Ndugu Mwenyekiti.

Ningemwambia haitasema hata kitu kimoja, lakini alikuwa amekwisha kunifungulia mlango.

Siku ya mazoezi mbele ya kamati, Somoe alikabidhiwa mpingo. Aliupokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akaanza kutafuta matundu kwenye vichwa vya watu. Vidole havikufika. Alipovilazimisha vikafika, vikakaa juu ya mabonge na hewa ikatoka pembeni. Akapuliza. Ikatoka *shhh*, ya mtu anayefukuza kuku. Akapuliza tena. Wanakamati walikuwa wamekaa wamekunja mikono.

"Jaribu tena, ndugu," akasema Mwenyekiti.

"Inavuja, ndugu Mwenyekiti."

"Mpingo hauvuji."

"Inavuja hapa kwenye vidole."

"Basi tatizo ni vidole," akasema, kwa upole kabisa, na wenzake wakatikisa vichwa kukubali.

Miaka mingi imepita na sentensi ile bado inanichoma. Wangekuwa wamemtukana ningeona nafuu. Nilisimama, nikasema maneno ambayo mengine siwezi kuyaandika kwa umri huu, kisha nikampa Somoe filimbi ya bomba. Akapiga. Wapiga ngoma hawakungoja kuambiwa, waliingia wenyewe. Wanakamati wakatazamana. Walikuwa na masikio, hilo siwanyimi, na ndilo linalonikasirisha zaidi, maana walisikia.

Wakajadiliana pembeni. Wakarudi na uamuzi ambao nadhani hauwezi kupatikana popote isipokuwa ndani ya kamati. Mbele, karibu na mgeni, angesimama karani mmoja mrefu, mzuri wa sura, ameshika filimbi ya mpingo mdomoni na kucheza vidole. Nyuma ya ngoma litafungwa pazia la kitenge, na nyuma ya pazia atakaa Somoe na bomba lake, apige.

Nilikataa. Nikasema huo ni uongo mbele ya mgeni na ni dhuluma kwa mpigaji. Ndugu Mwenyekiti akanijibu kwamba hakuna anayedhulumiwa, kwa sababu kamati yenyewe inajua nani anapiga, na kamati ndiyo itakayoteua. Somoe akanivuta kando.

"Mwalimu, niache nipige," akasema. "Wao wanajua."

Aliwaamini. Lile pazia Mwenyekiti alilifunga kwa mikono yake mwenyewe asubuhi ya siku ile, akarudi nyuma hatua kadhaa kuangalia kama limenyooka.

Mgeni akaja. Somoe alipiga kule nyuma, amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, uso umelowa jasho kwa joto la kitenge, na sijapata kumsikia akipiga vile tena. Mbele, karani alikuwa anachezesha vidole sita ambavyo havikulingana na wimbo hata kidogo. Mgeni alitikisa kichwa kwa raha. Mwisho akainuka akamshika karani mkono, akaigusa filimbi ya mpingo, akaisifu kupitia mkalimani, akaisifu tena, mpaka ikabidi apewe. Akaondoka nayo. Natumaini huko kwao hakuna aliyethubutu kuipuliza.

Uteuzi ulitangazwa siku chache baadaye. Nafasi ya filimbi ya besi alipewa karani.

Nilikwenda ofisini kwa Mwenyekiti bila kubisha hodi. Safari hii sikungoja kuvutiwa kiti. Nilimuuliza kama ameugua. Akanieleza taratibu kwamba mgeni amemtaja yule kijana katika hotuba yake ya kuaga, viongozi wote wamesikia, sasa itaonekanaje akitokea mtu mwingine asiyejulikana. "Yeye ndiye aliyeonekana, mwalimu," akasema. Nikamkumbusha alichoahidi. Akasema kamati inajua na inamshukuru sana mama yule. Niliandika malalamiko, nilikwenda kwa wakubwa zake, nikasikilizwa kwa adabu kila nilipokwenda. Karani alikaa kwenye kikundi miaka yote akipiga kayamba, kwa kuwa filimbi alikuwa hajui na ya mpingo ilikuwa imeondoka. Yeye pia simlaumu sana. Aliambiwa asimame, akasimama.

Somoe alirudi kwenye korosho. Nilimtafutia kazi nyingine, ya kufagia shuleni, ikapatikana kwa muda mfupi ikapewa ndugu wa mtu. Kila nilipopita Mikindani nilikwenda kwake, naye alinipigia kidogo baada ya chai. Mwaka hadi mwaka sauti ya chini ikawa inakuja na upepo ndani yake. Halafu akawa anaikwepa sauti ya chini, anapiga nyimbo za juu tu. Siku moja akaanza, akasimama, akageuza mkono akautazama, kidole kimekaa pembeni ya tundu na yeye hakujua.

Nilibeba ile filimbi hadi Mahurunga nikamwomba Paulino ayalaze matundu zaidi. Alikuwa amezeeka. Aliipokea, akaipapasa, akanirudishia.

"Tundu naweza kuliongeza bonde," akasema. "Lakini kidole kisichosikia hakijui kimefika wapi. Mngemtoa mapema."

Alisema mngemtoa, akinihesabu na mimi. Nililia njia nzima, na haikuwa huzuni peke yake.

Baada ya hapo nilifanya kazi miaka mingi, na nilinunua filimbi nyingi kwa ajili ya shule za mkoa ule. Sikununua hata moja kabla ya kumwona atakayeipiga. Niliitwa msumbufu, niliitwa mama mwenye majivu, kwa sababu nilitembea na kopo la majivu ya kupima vidole vya wanafunzi. Wakaguzi walilalamika kwamba filimbi za shule zetu hazifanani. Nikawaambia na watoto hawafanani. Kijana uliyenipigia simu, hilo ndilo duka unalolitafuta. Anza na mikono ya mtu, umshikishe, umsikilize kwa mbali wimbo mzima, ndipo uulize habari ya rangi na mti.

Sherehe yangu ya kuagwa ilifanyika kwenye ukumbi mmoja pale Chuno. Nilimwalika Somoe, nikamkalisha meza yangu. Sikujua kwamba mgeni rasmi waliyemtafuta alikuwa Ndugu Mwenyekiti, mzee sasa, anatembea na mkongojo, adabu ileile. Katika hotuba yake alisimulia siku ya yule mgeni wa nje. Alieleza filimbi ya mpingo ilivyolia, sauti nene, imetulia, mpaka machozi yakamtoka yeye na viongozi wenzake. Ukumbi ukapiga makofi. Nilimtazama usoni nikitafuta uongo nikaukosa. Alikuwa anaamini kila neno.

Alipokuja kukaa mezani kwetu, mikono yangu ilikuwa inakunja na kukunjua kitambaa cha meza. Nikamwambia, "Mzee, aliyepiga siku ile ni huyu hapa."

Akamgeukia Somoe, akamtazama kwa makini na kwa heshima. "Wewe mama? Mbona sikukuona?"

"Nilikuwa nyuma ya ngoma, mzee," akasema Somoe. "Palikuwa na pazia."

"Pazia?" Akatafuta kwenye kumbukumbu zake, akatikisa kichwa, na nikaona kwamba amemwonea huruma kwelikweli. "Pole sana mama. Sasa nani aliweka pazia?"

Chakula kilikuwa kimeshaletwa. Somoe aliinuka, akachukua birika na beseni la kunawia, akasimama mbele yake.

"Nyoosha mikono, mzee, unawe," akasema.

Akanyoosha, akanawishwa.